Matanga ya Mzungu wa Baiskeli

Nyumbani kwetu baiskeli ni marufuku. Paka tulimficha chumbani mpaka Papa akamzoea. Nywele zangu nilizipaka rangi ya zambarau na hakusema kitu. Lakini siku niliyosema kwamba wanafunzi tunapata punguzo la kukodi baiskeli za mtaani, aliweka kijiko chini akasema, "Utatembea na miguu." Basi, yakaishia hapo.

Papa ni dereva wa basi hapa Brussels, na madereva wote wa basi wanawalalamikia waendesha baiskeli, kwa hiyo mtu wa nje angedhani ni mambo ya kazi. Siyo. Wakati wa vita, kule Kongo, bonde la Ruzizi, babu yangu alitoka asubuhi na baiskeli yake kwenda kuuza ndizi. Hakurudi, na baiskeli haikurudi. Wakati huo Papa alikuwa na umri kama wangu sasa.

Mama yake Papa tunamwita Koko. Tunaishi naye hapa mtaa wa Saint-Josse, na mimi nalala naye chumba kimoja. Koko anasema mume wake alikufa. Papa anasema hakuna aliyemwona amekufa, na mtu ambaye hakuonekana amekufa haliliwi. Kwa hiyo babu hakufanyiwa matanga. Hakuna aliyekaa chini, hakuna aliyelia kwa sauti, hakuna aliyenyoa, na hakuna siku ambayo watu walisimama wakasema sasa imekwisha. Kila mwaka Koko anaomba, na kila mwaka Papa anakataa kwa heshima zote. Halafu Koko anauliza lile swali lake:

"Munijibu basi. Niko mujane ao niko bibi ya muntu?"

Mama anaanza kuosha vyombo hata kama ni safi.

Sasa niseme habari ya jina. Jina letu la ukoo sitaliandika hapa, lakini ni la Kiingereza, na kama umewahi kukaa Afrika huenda umelisoma kwenye baiskeli ya mtu. Babu alikuwa wa kwanza pale kwao kununua baiskeli ya aina hiyo. Mbele, chini ya usukani, ilikuwa na kibati cha shaba, Koko hukiita plaque, chenye jina la mtengenezaji, na babu alikisugua kila Jumapili kabla ya misa. Watu wakaanza kumwita kwa jina la kibati. Alipokuja karani wa kuandika watu na kuuliza huyu anaitwa nani, majirani walijibu kabla yake. Babu hakukataa. Alilipenda. Watoto wake wote wakaandikishwa hivyo, na mimi niliyezaliwa Brussels naitwa kama kiwanda.

Hii siyo siri. Kwetu kila mtu anaijua na hakuna anayeishangaa. Ila hakuna Mbelgiji aliyewahi kutuuliza, mpaka Madame wa historia shuleni aliposema kila mtu atafute asili ya jina lake.

Mimi nina aibu. Simaanishi ile aibu ya kupendeza ya wasichana wa kwenye filamu. Aibu yangu ni ya kupitiliza kituo cha tramu kwa sababu kuna mtu amesimama mlangoni na sitaki kumwambia "pardon". Kwa hiyo niliomba kuandika badala ya kusimama mbele ya darasa, na niliandika ukweli mtupu kwa ufupi: jina letu limetoka kwa mtengenezaji maarufu wa baiskeli wa Uingereza, aliyekufa zamani.

Madame alisoma, akashika kifua. "Watoto," aliliambia darasa zima, "tuna mtu wa ukoo ule!"

Nilifungua mdomo, ukabaki wazi, nikaufunga. Mvulana wa nyuma yangu akaniuliza kama naweza kumpatia baiskeli ya bure.

Madame hakuishia hapo. Alitafuta kijiji walikotoka wazee wa yule mtengenezaji, akapata kamati ya kuhifadhi historia ya kijiji hicho, akawaandikia kwamba ana tawi la Ubelgiji darasani. Majibu yalikuja kwa barua pepe, yakawa marefu kuliko insha yangu, na Madame akanitumia na alama nyingi za mshangao.

Nilitafsiri mezani wakati wa chakula. Mimi ndiye mwenye Kiingereza nyumbani. Mama anatoka Kigoma, alisoma Kiingereza kidogo huko, lakini anasema alikiacha kwenye boti alipovuka ziwa kumfuata Papa.

Kamati iliandika hivi. Dunia nzima inadhani yule bwana ni wa mji uliokuwa na kiwanda. Uongo. Asili yake ni kijiji chao. Baba yake alikuwa mhunzi, akiwapigilia farasi viatu vya chuma kando ya kijito, na nyumba ile ipo mpaka leo, sasa wanauza keki. Kijito kinagawanya vijiji viwili. Upande mmoja kuna kanisa, na huko ndiko kwa kamati. Upande wa pili kuna kinu cha kusagia ngano, na watu wa kinu wanasema mhunzi alizaliwa kwao, na bila haya wameweka bango barabarani lenye picha ya baiskeli. Sasa basi, yule bwana alikuwa na mdogo wake aliyevuka bahari kuja huku Ulaya bara, hakuonekana tena. Kwenye karatasi ya ukoo tawi lake liko tupu. Kama sisi ni watu wa huyo mdogo, labda tulisimuliwa nyumbani: mhunzi alizaliwa upande wa kanisa au upande wa kinu?

"Banapigania maiti," Koko alisema, na ilionekana amewaelewa kabisa.

"Ni kama kwetu tu," Mama akasema, "ila wao wana bango."

Papa alicheka. Koko hakucheka. Alikuwa anaangalia simu yangu, ambapo kulikuwa na picha ya kaburi lililoota kuvu.

"Ile ni kaburi yake?"

"Ndiyo, Koko."

"Yee mwenyewe iko mule ndani?"

"Ndiyo."

"Banajua siku alikufa?"

"Imeandikwa hapo kwenye jiwe."

Koko akarudisha simu, akajifuta mikono. "Donc ndoyi ya bwana yangu alikufa, na humu ndani hakuna hata moja mwenye alikaa matanga."

Ndoyi ni mtu mnayeitwa jina moja. Mama yangu husema somo. Kwa Wakongo ndoyi siyo mchezo. Ndoyi wangu mimi ni mama mmoja anayeuza samaki wa chumvi mtaa wa Ixelles, tunachangia jina la kwanza, na kila nikipita ananiita "Miye", yaani mimi. Anapiga kelele dukani mbele za watu, "Angalieni miye ninapita! Miye ninaendelea aje na masomo?" Ananifungia samaki, na mimi napitia njia nyingine nikiweza. Lakini akifa nitakaa chini pamoja na watoto wake. Hilo halina mjadala.

"Mama," Papa alisema taratibu, "ule muntu alikufa mbele hata siye tuzaliwe."

"Na mimi nimepata habari leo."

"Hatukumujua."

"Babako alibeba jina yake. Alipanguza ile plaque kila siku ya Mungu. Yako, kitambulisho yako ulipanguza lini?"

"Mama..."

"Sikia, papa." Koko humwita mwanawe papa anapotaka kumshinda. "Ya babako umenikatalia, unasema hakuna mwenye aliona. Bon. Nimenyamaza. Huyu kaburi iko, picha iko, tarehe iko, na bandugu yake beko. Huyu utanikatalia juu ya nini?"

Papa aliangalia dirishani. Chini barabarani hapakuwa na kitu cha kuangalia, ni duka la Mturuki tu na masanduku yake ya biringanya.

"Mufanye," alisema mwishowe. "Lakini iko matanga ya Muzungu."

"Ya Muzungu," Koko akakubali.

Kila mtu mezani alijua ni matanga ya nani. Mama akaenda kuosha vyombo.

Mimi nilipewa kazi ya kuwajibu kamati. Niliandika na kufuta, nikaandika na kufuta, na mwisho nikatuma hivi: sisi ni Wakongo, kuhusu kijito hatujui chochote, na bibi yangu anawaalika kwenye msiba wa yule bwana, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nilidhani neno Wakongo litamaliza mambo. Wakajibu kwamba wameguswa sana, kwamba ni wazi yule mdogo alifika mbali kuliko walivyofikiri, na je, wavae nyeusi?

Picha ya marehemu niliichapisha kubwa kwenye duka la fotokopi. Bwana mwenye ndevu kama fagio, macho makali, mkono mmoja ameweka kwenye tandiko la baiskeli kana kwamba ni bega la mtoto wake. Mwenye duka aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Pole sana," alisema. "Mlikuwa karibu?"

"Wastani," nikajibu.

Akaniwekea plastiki juu yake bila kunitoza.

Kwa wamama wa kanisa Koko alipiga simu mwenyewe. Alikuwa amekaa kitandani kwake na mimi niko kwangu, nikisikia kila neno kutoka pande zote mbili maana Koko huweka spika.

"Nani amekufa?"

"Muzungu mwenye baiskeli."

"Ah, pole! Alikuwa mugonjwa?"

"Alizeeka."

"Amekufa lini?"

"Zamani."

Aliyekuwa kwenye simu alikuwa mama mmoja mnene kutoka Uvira, anayeongoza nyimbo kanisani, aliyekuwa jirani ya Koko kabla ya vita. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Viti muko nabyo?" aliuliza. "Ao nilete bya kanisa?"

Jumamosi tulisukuma makochi ukutani, tukatandika mkeka, Papa akapanda ngazi na viti vya kanisa mgongoni. Picha ya bwana wa ndevu tuliiweka juu ya kabati na mshumaa mbele yake. Koko alikaa chini, kitenge kimefungwa kifuani, kilemba cheusi. Wamama wakaja na sombe ya majani ya mhogo, samaki, wali, na mabeseni ya mikate ya kukaanga. Waume zao wakaja na bia na karata. Sijawahi kuona mtu aliyekufa zamani hivyo akipata watu wengi hivyo.

Mimi nilitumwa kuwapokea wageni wa kamati stesheni ya Gare du Nord. Nilishika karatasi yenye jina letu, na kwa kuwa ni jina la kiwanda, watu kadhaa waliniuliza baiskeli zinakodishwa wapi. Kisha wakaja: mzee mrefu sana wa suti nyeusi, amebandika beji ya gurudumu kwenye kola, na mke wake mfupi aliyebeba bomba refu la kadibodi. Ndani ya bomba kulikuwa na karatasi ya ukoo.

"Pole kwa msiba wenu," mzee aliniambia, halafu akasita, maana ulikuwa pia msiba wake.

Kwenye ngazi nilitaka kuwaonya, lakini nilikuwa bado natafuta neno la Kiingereza la kuanzia tulipofika mlangoni. Kwetu ndugu wa marehemu wanapoingia, kilio kinapanda upya. Ndivyo ilivyo, huwezi kuwapokea wafiwa kwa "karibuni mketi". Yule mama wa nyimbo aliwaona, akainua mikono, na nyumba nzima ikapasuka. Mwanamke wa Kiingereza alinishika mkono mpaka kucha zikaingia.

"Wanatulilia sisi?" akaninong'oneza.

"Mmefiwa," nikamwambia.

Mzee aliinama kunisogelea sikio. Alikuwa mwekundu. "Nadhani niseme jambo. Sisi siyo ndugu zake hasa. Sisi ni watu wa kamati tu."

Niliangalia ndani. Watu wamejaa mpaka jikoni. Mshumaa unawaka. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyekuwa na udugu na marehemu, hata wafiwa wenyewe. Hilo sikulitafsiri.

Waliwekwa kwenye kochi zuri. Watu wakapanga foleni kuwashika mikono, "condoléances, papa, condoléances, maman," na kadiri foleni ilivyosonga ndivyo mzee alivyozidi kuinamisha kichwa, mpaka nilipoona anajifuta macho. Mke wake alipewa sahani ya mikate. Akaiweka juu ya karatasi ya ukoo aliyokuwa ameanza kuikunjua magotini.

Kisha Koko akasema kutoka mkekani, "Bandugu batuambie marehemu alikuwa muntu gani."

Hiyo pia ni kawaida. Mtu wa familia husimama akasimulia maisha ya marehemu. Mzee alisimama, na mimi ikabidi nisimame pembeni yake, chini ya kwapa lake hasa, mbele ya watu wote. Niliamua kuangalia mshumaa tu na kuongea nao.

Mzee alisema, mshumaa nikauambia: alizaliwa mtoto wa mhunzi wa upande wa kanisa. Hapo mzee alirudia "upande wa kanisa", na mimi nikarudia. Alisema mtoto huyo alipigwa teke na farasi akiwa mdogo, akawachukia farasi maisha yake yote, na kwa baba anayepigilia farasi viatu hiyo ilikuwa aibu kubwa. Wamama wakaguna kwa huruma. Alisema ndiyo maana akaunda chombo cha kupanda ambacho hakipigi teke. Wanaume wa karata wakasema "Voilà!" Alisema hata alipokuwa tajiri hakuruhusu mtu mwingine kuisafisha baiskeli yake. Aliifuta mwenyewe.

"Sawa na bwana yangu," Koko akasema. "Kabisa."

Niliwatafsiria. Mzee alitabasamu, akakohoa, na nikaona anafika pale alipotaka kufika tangu alipopanda treni. Je, mume wa mama huyu aliwahi kuwasimulia watoto, kutoka kwa babu yake, yule mdogo aliyevuka bahari, habari yoyote kuhusu kijito?

Nilitafsiri. Koko alimtazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa shati ndani nje, akaniambia mimi:

"Umuambie, maman. Bwana yangu hakukuwa mutoto ya ule ndugu. Alikuwa na baiskeli yake tu. Jina ilikuwa kwa baiskeli."

Nilimwambia. Mke akaacha kutafuna.

"Ana maana alifanya kazi kiwandani?" mzee aliuliza.

"Hapana. Alinunua baiskeli. Watu wakamwita hivyo."

"Kwa hiyo hakuna undugu."

"Hakuna."

Nilidhani sasa watachukua bomba lao waondoke, na nilianza kufikiri jinsi ya kuhama shule. Mzee alibaki amesimama, anafikiri kwa bidii.

"Breki zake," akasema, "zilikuwa za waya au za fito?"

Sikuwa na Kiswahili cha hayo. Nilionyesha kwa mikono, waya, fito, na nilijiona mjinga. Kabla Koko hajajibu, sauti ilitoka mlangoni mwa jikoni.

"Za chuma. Fito," alisema Papa. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

"Rangi?"

"Nyeusi. Na mustari ya dhahabu."

Mzee alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu. Akamwambia mke wake kwamba hiyo ni ya kiwanda cha zamani, kabisa, hakuna shaka. Akanigeukia amechangamka sana.

"Na sasa iko wapi?"

Swali hilo nalo ningeweza kulimeza. Lile neno la mzee, kwamba wao ni watu wa kamati tu, nilikuwa nimelimeza na hakuna aliyekufa. Papa alikuwa amesimama anasubiri tafsiri, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayejibu vizuri. Nadhani alidhani ataulizwa juu ya matairi. Na mimi nilikuwa nimechoka kulala kando ya bibi anayeuliza kama yeye ni mjane. Sikuuangalia mshumaa. Nilimwangalia Papa.

"Papa, anauliza baiskeli iko wapi sasa."

Papa alifungua mdomo, ukabaki wazi. Ndipo nikajua mdomo wangu niliutoa wapi.

"Niliiona," alisema.

Koko hakugeuka.

"Sokoni Uvira. Ulinituma chumvi, mama. Muntu alikuwa anaiendesha, sijui ni nani, alikuwa na koti ya kijeshi. Nikasema labda zinafanana. Nikamufuata. Akaisimamisha kwa muuza mafuta, nikakaribia nikaangalia plaque." Alimeza mate. "Ilikuwa yake. Kona moja imekunjika, ile alianguka nayo kwa daraja. Ilikuwa yake, lakini ilikuwa chafu. Plaque ilikuwa chafu, mama. Jina haisomeki."

"Chafu," Koko akasema.

"Chafu kabisa. Papa yangu hangemuachia muntu ile kinga, baiskeli yake, akiwa muzima. Hata miye hakuniachia. Nikajua. Nikarudi nyumbani na chumvi, nikasema sijaona kitu. Kisha nikashindwa kusema. Kila mwaka ukiomba, nilikuwa nashindwa."

"Basi," Koko akasema.

Kisha akainua kichwa na kulia, na alimwita mume wake kwa jina lile la kwanza alilopewa na mama yake kabla ya kuwepo baiskeli yoyote, jina ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Hapo hakuna aliyeweza kusema tena kwamba ni matanga ya Mzungu. Yule mama wa Uvira akalipokea jina, wengine wakalipokea, likazunguka nyumba nzima. Papa alitoka jikoni, akapita katikati ya viti vya kanisa akivigonga, akakaa mkekani kando ya mama yake.

Mzee wa Kiingereza alikuwa bado amesimama. "Amesema nini?" akaniuliza.

"Baiskeli iliibiwa," nikasema. "Na babu yangu aliuawa. Hawakuwahi kumlilia mpaka sasa."

Mke wake aliondoa sahani ya mikate juu ya karatasi, akaikunja karatasi, akairudisha kwenye bomba. Kisha mzee, kwa kuwa kila aliye jirani naye alikuwa amekaa chini, naye akaanza kushuka. Ilichukua muda. Ana miguu mirefu sana, na hakujua pa kuiweka. Goti moja lililia. Lakini alifika chini, akakaa hapo na suti yake hadi jioni, na wakati wa kula ilibidi wanaume wawili wamwinue kwa makwapa, huku wanamcheka na yeye anajicheka.

Baada ya chakula walimfundisha karata. Alikuwa anashindwa vibaya na kila akishindwa aliambiwa "pole, papa, uko na matanga". Mke wake alikaa jikoni na Mama, kila mmoja akizungumza lugha yake, wakaelewana vizuri kuhusu waume. Kabla ya kuondoka, mzee alinijia kwa aibu, na aibu naijua nikiiona. Aliuliza kama anaweza kumuuliza bibi habari ya kijito mara moja tu ya mwisho. Kamati ingemuuliza.

Koko alisikiliza. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, na ulikuwa mwepesi, sijui niseme vipi, kama mtu aliyevua viatu.

"Bale ba kinu," alisema, "walikuja kumulilia?"

"Hapana, Koko."

"Walituma muntu?"

"Hapana."

"Na hawa walipanda train, wakakaa chini. Basi umuambie muntu iko yabo. Imekwisha. Bale bengine batoe bango yabo."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mzee alitoa kalamu akaandika yote, akaniomba nirudie sehemu ya bango. Alisema ataisoma kwenye mkutano.

Jumapili asubuhi yule mama wa Uvira alikuja na mkasi na wembe, wakamnyoa Koko, na Papa akajinyoa mwenyewe bafuni, vibaya. Kisha Papa akasimama mbele yetu na kusema imekwisha. Wageni walikuwa wamelala hoteli karibu na stesheni, na Koko alitaka tuwasindikize, sote. Kabla ya kutoka alipanda kiti, akaishusha picha ya bwana wa ndevu kutoka kabatini, akaipanguza na pembe ya kitenge chake, hasa pale kwenye kibati cha baiskeli, akaifunga vizuri kwa gazeti.

Pale stesheni mzee alidhani ni zawadi ya chakula, akainusa.

"Umuambie," Koko alisema, "babebe muntu yabo. Tulimukopa siku moja, tumemaliza naye. Siye tuko na wetu."

Nilimwambia. Akaikumbatia ile picha kwa mikono miwili, akapanda nayo treni. Koko alimpungia mkono mpaka mabehewa yakaisha. Kisha akamgeukia mtumishi wa stesheni, kijana wa watu aliyekuwa anapita tu na filimbi yake, akamwambia kwa Kifaransa chake chote alicho nacho kwamba yeye ni mjane.

"Pole sana, madame," yule kijana akasema.

"Asante," Koko akamjibu kwa Kiswahili, ameridhika kabisa.

Baiskeli nyumbani bado ni marufuku. Niliuliza.